Nishapoa

1

Barua ilisema Lwitiko Sanga amejidhuru kwa hiari yake mwenyewe, na kwamba Ijumaa saa nne asubuhi atatolewa wodi ya baridi arudishwe nyumbani. Niliisoma nimesimama kando ya kitanda chake. Mwenyewe alikuwa macho kodo, kofia ya baridi kichwani, anatazama dari. Siku ya kumi na tisa hiyo, hajapata hata lepe la usingizi.

"Wanasemaje, sista?" akauliza mkewe, Atupele. Alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

"Wanasema upuuzi."

"Nisomee huo upuuzi."

Nikamsomea. Sikuwa na namna. Kofia ile ndiyo iliyokuwa inaupoza ubongo wa mumewe polepole mpaka ukumbuke kulala, na kazi hiyo inataka wiki sita. Ukiivua mapema, mtu hamalizi siku saba. Nilishawazika wawili, najua ninachosema. Na nchi nzima kofia hizo zilikuwa kwenye wodi moja tu, hii ya kiwanda chetu. Kumtoa Lwitiko Ijumaa ilikuwa ni kumpeleka akafie nyumbani.

Nyuma ya barua walibandika karatasi nne. Tarehe, saa, neno. Tarehe, saa, neno. Neno lilikuwa lile lile kutoka juu mpaka chini: nishapoa. Lwitiko alikuwa amelisema mara mia tatu na kumi na mbili katika miezi miwili.

Baridi ya Makambako sikuisikia tena. Nilisikia hasira tu.

Kwa asiyekijua kiwanda chetu, nieleze. Tija Hai tunafufua betri za magari na za majumba. Kila anayepita getini, awe fundi, mpishi au mgeni, anavalishwa Mwenza, bangili pana ya mpira inayokaa juu ya kiwiko cha kushoto. Na nisiwe mwongo, alipokuja tulimfurahia. Anapima mapigo, anapima sukari, anakuambia kunywa maji, nyoosha mgongo, pumzisha macho. Presha za watu zilishuka. Mimi muuguzi wa kiwanda nilikaa wiki nzima sina mgonjwa, nafuma sweta. Halafu zamu zikaanza kurefuka, saa kumi, saa kumi na mbili, saa kumi na sita, na ndani ya Mwenza wakatia tone.

Tone ni dawa. Likimwingia mtu aliyepumzika, linampa saa nne za nguvu na halimdhuru. Likimwingia aliyechoka, linakula ile sehemu ya ubongo inayojua kulala. Tatizo ni kwamba ukishapata tone, moyo wako unapiga vizuri kama wa mwanariadha, kwa hiyo vipimo havimtambui mchovu. Ndiyo maana sheria ikasema hakuna tone mpaka mfanyakazi atamke kwa kinywa chake kwamba uchovu umemtoka. Basi kila baada ya saa nne Mwenza anasema kwa sauti tamu ya kike, "Pole na kazi." Mfanyakazi akijibu lile neno, unasikia tss. Limeingia.

"Mia tatu na kumi na mbili," Atupele akasema. Alikuwa ameweka kijiko chini. "Sista, mbona nyingi hivyo? Si ulisema kanamwuliza kila baada ya saa nne?"

Nikahesabu kichwani. Kweli zilikuwa nyingi mno. Nikaangalia zile saa: saa saba na dakika tano mchana, saa saba na dakika kumi mchana, karibu kila siku.

"Huo muda wa saa saba kuna nini?" nikamwuliza.

"Muda wa chakula. Ndipo ninapompigia simu." Akatabasamu kidogo akimtazama mumewe. "Namwambia pole na kazi baba Tuma, ananijibu nishapoa mama, ndiyo tunaanza maongezi. Kila siku nasikia na kale kamlio, tss. Nilidhani ni mtandao."

Laiti ningekuwa na uwongo wa haraka siku ile.

"Sista." Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Ile tss ilikuwa nini?"

Nikamwambia. Mwenza akisikia pole hajui nani kaisema. Anasubiri jibu la aliyemvaa tu; neno lenyewe bila pole halimshtui. Atupele akateremka kutoka kwenye stuli mpaka akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Mkono wa Lwitiko ukashuka polepole ukamshika bega.

2

Nilikwenda ofisini kwangu nikatoa mafaili ya wagonjwa wote wa tone. Walikuwa tisa katika miaka miwili. Niliwapanga mezani kutafuta wanafanana nini. Umri, hapana. Uzito, hapana. Mwingine mnywaji wa ulanzi, mwingine hagusi. Laini mbalimbali za uzalishaji, vijiji mbalimbali.

Nikaangalia majina tena, safari hii nikiwakumbuka watu wenyewe. Yule wa kwanza ndiye aliyekuwa hapiti mlangoni kwangu bila kuniamkia. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa. Wa tatu, binti aliyekuwa akipokea kitu kwa mikono miwili na kupiga goti hata kama ni kidonge cha kichwa. Na Lwitiko, Mungu wangu, Lwitiko anaomba radhi hata akigonga kiti.

Nikamkumbuka na Mgaya wa laini ya tatu. Mgaya ukimwambia pole anasonya. Ukimsalimia asubuhi anakuuliza kwani vipi. Zamu ndefu kuliko zote, miaka mitano, na mzima wa afya, mashavu yanang'aa! Mwenza anamwambia pole na kazi, yeye anamjibu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hapati tone hata moja. Anachoka kama watu wanavyochoka, anakwenda kulala.

Kiwanda kilikuwa kinawaua wenye adabu. Wakorofi wote walikuwa salama.

Na ukutani mbele yangu, kwenye fremu ya kioo, kilikuwa kinaning'inia cheti changu. "Kwa Sista Skolastika Mhagama, kwa mchango wake wa lugha." Miaka minane iliyopita walikuja wahandisi wawili, wageni, wapole, wakaniuliza: hapa kwenu, mtu ambaye uchovu umemtoka anasemaje? Nilikuwa na foleni ya watu wa kuchoma sindano. Nikawajibu nikiwa natafuta pamba, "Anasema nishapoa. Unamwambia pole na kazi, anakujibu nishapoa." Wakafurahi, neno fupi, linasikika vizuri. Nikatia sahihi.

Hawakuniuliza kama mtu huyo amepoa kweli. Na mimi, mwanamke mzima, niliyelelewa na bibi aliyesema nishapoa huku amevunjika nyonga, sikuwaambia kwamba hilo si jibu la daktari. Ni adabu. Ni kumwambia mwenzio nimesikia huruma yako, usihangaike. Aliyefiwa asubuhi anasema nishapoa. Aliyetoka kung'olewa jino anasema nishapoa na damu mdomoni.

Nilikishusha kile cheti nikakitia kwenye ndoo ya mabomba ya sindano. Halafu nikapanda kwa meneja.

Injinia Festo Mbilinyi alikuwa anakula karanga. Ofisi yake ina hita, koti amelivua. Nikamweleza yote nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole.

"Sista, kaa basi."

"Sikai."

"Haya. Unaniambia watu wanasema kitu wasichomaanisha. Hilo ni kosa la Tija Hai?"

"Festo, wewe ni mtu wa Njombe. Mama yako namjua. Unajua vizuri kabisa nishapoa ni nini!"

"Mimi najua. Sheria haijui. Sheria inataka kauli, na kauli ninazo, zimerekodiwa." Akachukua karanga nyingine. "Halafu, ukienda mbele ya Baraza la Kauli na hadithi hiyo, wataniuliza neno hili alilitoa nani. Nitawaonyesha sahihi. Miaka thelathini ya uuguzi, Sista. Unataka kustaafu hivyo?"

"Lwitiko atakufa."

"Lwitiko alisema amepoa."

Nilimwangalia yule mwanaume na nikatamani nimzabe kofi. Nasema kweli, mkono uliwasha. Alijua. Siku zote alikuwa anajua, na alikuwa amelala usingizi wake vizuri kila siku.

"Na wewe mwenyewe Mwenza wako yuko wapi?" nikamwuliza.

Akaangalia mkono wake mtupu, akacheka kidogo. "Ananibana," akasema.

3

Kisheria hawawezi kumtoa mgonjwa wodini bila Baraza la Kauli kupiga muhuri. Baraza likaja Alhamisi mchana, na Baraza lenyewe lilikuwa mtu mmoja na karani wake. Aliitwa Mzee Ngailo. Alikuwa ametoka Dodoma alfajiri, mtu mrefu, mwembamba, suti ya kijivu, na mwendo wa kuburuta mguu kidogo.

Kuwavalisha wageni Mwenza ni kazi yangu. Nilikuwa nimesimama getini tangu saa tano, upepo unanipiga, mfuko wa kulia wa sweta una kichupa cha tone na mfuko wa kushoto una kichupa cha maji safi. Vinafanana kama mapacha. Mwenza wa mgeni hutiwa tone kama wengine, ndiyo kanuni. Kuchezea dawa ndani ya Mwenza ni kosa la kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Usiku wa kuamkia siku ile nilishaapa. Nitamtia tone. Aonje. Akae siku mbili anatazama dari, ndipo ajue karatasi anazopiga muhuri ni za nini. Sikuona haya kuwaza hivyo na sioni haya kusema.

"Shikamoo mheshimiwa. Pole na safari."

"Marahaba, binti yangu. Asante sana."

Binti yangu! Nina miaka hamsini na nne. Akavua koti mwenyewe, akakunja shati, akaninyooshea mkono. Ulikuwa mkono wa mzee, ngozi laini, mshipa unaonekana. Alifika yuko hoi, macho mekundu kwa barabara. Tone lingemkuta vizuri sana huyu.

"Umelala jana, mheshimiwa?"

"Ah, kidogo. Uzee huu."

Vidole vyangu vilikuwa tayari mfuko wa kulia. Nikasimama hapo, na yule mzee ananitazama tu, mkono kaunyoosha, ananiamini kwa sababu nimevaa nguo nyeupe. Hivyo hivyo Lwitiko alivyoninyooshea mkono siku yake ya kwanza kazini. Mimi ndiye niliyemvalisha.

Nikatoa kichupa cha mfuko wa kushoto.

4

Kikao kilifanyika kantini, meza zimeunganishwa mbili. Mzee Ngailo katikati, karani wake pembeni na mashine ya kurekodi. Mbilinyi alikuwa na karatasi zake nne, na safari hii Mwenza mkononi, kwa sababu kuna wageni. Atupele alikaa mwisho kabisa wa benchi, kitenge kichwani, mikono magotini.

Mbilinyi alizungumza dakika kumi. Alizungumza vizuri, shetani yule. Akaeleza jinsi Mwenza alivyopunguza magonjwa, jinsi watu walivyo na afya na uzalishaji ulivyopanda. Yote yalikuwa kweli. Kisha akazisoma kauli moja baada ya nyingine mpaka mzee akamwambia inatosha.

"Muuguzi."

Nikasimama. Nikasema neno hilo nililitoa mimi, sahihi ni yangu, na nilikosea. Nikasema nishapoa ni adabu, si taarifa ya afya. Nikataja wale tisa. Nikamtaja Mgaya na kusonya kwake, karani akacheka kidogo. Nikasema na habari ya simu za saa saba mchana, na nilipofika hapo Atupele akafunika uso.

Mzee Ngailo alinisikiliza kwa heshima zote. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Alipumua, akavua miwani.

"Sista, nimekuelewa, na nakuonea huruma. Lakini naomba unielewe na mimi. Baraza hili linapima kauli. Mtu mzima akisema ameshapoa mara mia tatu, mimi ni nani nimwambie hukupoa? Nikianza kusema watu hawamaanishi wanachosema, kesho hakuna kauli itakayosimama. Mtu mwenye akili timamu hatamki kitu kama hicho huku anaumia."

"Anatamka, mheshimiwa. Kila siku."

"Una ushahidi?"

"Nina watu tisa."

"Una maneno yako kuhusu watu tisa." Akavaa miwani. "Pole, sista. Najua inauma."

Na mimi, mjinga wa kutupwa, kinywa kikafunguka chenyewe. Nikasema, "Nishapoa."

Tss.

Mkono wangu wa kushoto ukapata ubaridi. "Asante," ikasema ile sauti tamu. "Kauli yako imepokelewa. Kazi njema."

Mwenza wangu hakuwa na maji. Alikuwa na tone.

Mbilinyi akawahi, "Mheshimiwa, huyu amefanya makusudi! Maigizo matupu!" Na mzee akatikisa kichwa, nikamwona kabisa kwamba amemwamini. Ningekuwa yeye na mimi ningeamini. Nilitaka kupasuka kwa hasira. Sikuwa nimepanga, nilikuwa nimejibu tu, miaka hamsini ya kulelewa ilinitoka mdomoni, na hata hilo sikuweza kulithibitisha.

"Basi tumalize," akasema. Akamwashiria karani alete muhuri, akainuka kuupokea. Meza za kantini yetu zina chuma chini, kila mgeni anakijua kwa goti. Kishindo kilisikika mpaka jikoni. Mzee wa watu akajikunja, kashika goti kwa mikono miwili, machozi yanamlenga.

"Uwii, pole baba!" Atupele akaruka kutoka kule mwisho. Hakufikiri chochote, maskini. Alimwona mzee kaumia.

"Nishapoa, mama," akasema Mzee Ngailo, meno kayauma. "Nishapoa, nishapoa."

Tss.

"Asante. Kauli yako imepokelewa. Kazi njema."

Mzee alibaki amejikunja vile vile, lakini sasa hakuwa anaangalia goti. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kushoto. Rangi ilimtoka usoni.

"Imeniingia?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Sista. Imeniingia hiyo kitu?"

Sikumjibu upesi. Nakiri. Nilimwacha aogope, nikahesabu mpaka tano, na kila namba niliisikia tamu.

"Ulisema umepoa, mheshimiwa."

"Nimegonga goti! Nimesema tu, mtu akikuambia pole utasemaje?"

Alijisikia mwenyewe. Nilimwona akijisikia. Karani alikuwa ameacha kuandika, na mashine ilikuwa inarekodi.

"Ni maji," nikamwambia. "Nilikutia maji pale getini. Nilitaka sana kukutia dawa, nilikuwa nayo mfukoni, nikashindwa kumfanyia hivyo mtu aliyeninyooshea mkono. Hawa waliweza. Lwitiko peke yake walimfanyia mara mia tatu na kumi na mbili."

"Amekiri!" Mbilinyi alisimama, kidole kinanielekea. "Amechezea Mwenza wa mgeni, umemsikia mwenyewe, huyu leo hii hana kazi hapa!"

"Sawa," nikasema. "Pole na kazi, Festo."

Akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa na Mwenza mkononi na kichupa chake nilikijaza mimi, naye hakujua kimejaa nini. Alikaa chini bila kujibu.

Mzee Ngailo aliivua ile bangili, akaiweka mezani mbali naye. Muhuri akaurudisha kwenye boksi lake.

5

Kazi nilifukuzwa jioni ile ile. Siku mbili sikulala, tone lilinikuta nimechoka, na nimeambiwa huenda usingizi wangu hautakuwa kama zamani. Haya. Baraza lilizuia tone katika viwanda vyote mpaka litafutwe neno lingine, na ndani ya Tija Hai zamu zikarudi saa nane, maana bila tone, ukimtoa Mgaya, hakuna anayesimama saa kumi na sita. Wapo walionilaani kwa hilo. Wapo wanaonilaani mpaka leo.

Lwitiko hakutolewa.

Siku ya thelathini na nane nilikwenda wodini kama mgeni, na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Atupele alikuwa dirishani anakunja nguo. Aliniwekea kidole mdomoni. Lwitiko alikuwa amelala ubavu, kofia imesogea, na kope zake zilikuwa nzito, zinashuka na kupanda.

Nikamwinamia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, una alama nyeupe pale bangili ilipokaa miaka minne.

"Pole, Lwitiko," nikasema.

Midomo ikacheza. Nililiona lile neno linakuja, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Atupele aliacha kukunja nguo. Lwitiko akanitazama kwa muda mrefu, uso umekunjwa kama mtu anayenyanyua mzigo, na nadhani kwake kilikuwa kitu kigumu na kibaya kumjibu hivyo mkubwa wake.

"Bado, sista," akasema. "Sijapoa."

"Haya, baba," nikamwambia. "Lala basi."

Akafumba macho.